Dawa Iliyowekwa na Wawili

Jamani, kununa ni ugonjwa, na leo nitawaeleza jinsi ulivyoingia hadi ndani ya bwawa la samaki.

Bwawa hilo lilikuwa nyuma ya nyumba ya fundi wa kuchomelea vyuma na mkewe, mshonaji wa nguo. Kila asubuhi mshonaji alimwaga chakula, mumewe akiwa pembeni na kikombe chake cha chai, na perege wakagombania pumba mpaka maji yakawarukia wote wawili miguuni. Mshonaji alizipenda sana asubuhi zile.

Siku moja fundi akavua perege mkubwa kuliko wote, akampelekea dada yake. Mama mzazi wa mshonaji alipoomba samaki, fundi alikuwa amemwambia hawajakomaa. Mshonaji akanuna. Fundi, badala ya kuomba radhi, naye akanuna kwa sababu amenuniwa.

Katikati ya mnuno huo samaki wakatoka vidonda. Mtaalamu wa samaki akaja, akashauri chakula kichanganywe na unga wa majani ya mwarobaini, kijiko kimoja kwa ndoo. Akaonya kwamba ukizidi unakuwa sumu. Walimsikiliza wote, kila mtu akitazama upande wake.

Mwanzoni mama yake fundi, aliyeishi nao, ndiye aliyepeleka habari: mkeo ameshaweka dawa, mumeo anauliza chai. Mwisho akafunga mzigo wake.

"Wanangu, mimi si simu," alisema. "Mkikumbuka mna midomo, mniite."

Akaondoka, nyumba ikabaki bila mpeleka habari. Kila alfajiri mshonaji aliweka kijiko chake cha dawa, akaacha chakula kilowe stoo, akiamini mtu aliyemnunia yeye hawezi kuwajali samaki. Fundi, kama alivyokiri baadaye, alipita akiwaza hayohayo, akaweka chake.

Samaki wakasusa chakula, kikabaki kikiyeyukia majini. Mshonaji akadhani ugonjwa umezidi, akaongeza dawa. Fundi naye akaongeza. Jioni moja mshonaji alisimama mbele ya mumewe na swali la dawa likiwa mdomoni kabisa. Akalimeza, akarudi kwenye cherehani. Hebu fikirini, swali moja tu!

Asubuhi perege walikuwa juu ya maji wakihema, wengine matumbo juu. Mshonaji alikimbilia stoo kuchukua dawa, akamkuta mumewe ameinamia ndoo, kijiko mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naweka dawa. Si umewaacha wafe?"

"Mimi naweka kila siku."

Fundi alikitua kijiko taratibu. Wakaenda wakafungulia maji ya zamani, wakaingiza mapya, wakihangaika mpaka mchana. Waliopona hawakufika nusu. Mshonaji aliketi ukingoni akalia, asijali nani anamwona.

"Nilitaka kukuuliza," alisema. "Nikaona nikianza mimi, nimeshindwa."

"Na mimi vivyo hivyo," fundi akajibu. "Na yule samaki nilikosea. Nisamehe."

Wakachimba shimo pamoja, wakawafukia samaki wao.

FUNZO

Dawa ya majani nayo ni dawa. Ina kipimo, na ikizidi inaua. Nanyi wenye nyumba, mkikasirikiana kasirikeni, ni ubinadamu. Lakini kwa kiumbe anayewategemea, awe mtoto, mgonjwa au samaki, ulizaneni. Anayeanza kusema hajashindwa. Yule mshonaji angefungua mdomo jioni ile, bwawa lingekuwa limejaa hadi leo.