Aliyekaa na Mtoto

Maziwa aliyokamua Inshira yalirudishwa kwenye dirisha la wodi vilevile yalivyopelekwa, chupa imejaa hadi shingoni, na bado mtoto alikuwa ananenepa.

"Hajayataka," alisema Sista Demiana, muuguzi wa wodi ya watoto njiti, akimsukumia Hajati Wahiba ile chupa. "Amekwisha shiba."

"Ameshiba nini?"

"Ebo! Si ananyonya? Mkweo hatoki pale, Hajati. Anakuja jua likishapanda, anafungua kifua, anamlaza mwanawe juu yake mpaka alasiri. Kina mama nimewaona wengi, lakini yule, Bikira amtunze."

Hajati Wahiba akaishika chupa. Mkwewe, Inshira, alikuwa nyumbani, kafungiwa chumbani, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa unaning'inia shingoni mwa Hajati mwenyewe.

Msimwonee huruma Hajati huyu. Ana mdomo mchafu, na roho yake ni ngumu kuliko jiwe la kusagia. Lakini alikuwa na sababu yake. Inshira alikwisha zika wawili. Wote walizaliwa wazima, wakalala wazima, wakakutwa wamebadilika rangi. Kwetu Saidi, kusini mwa Misri, jambo kama hilo haliulizwi daktari. Ni karina. Ni yule jini jike anayezaliwa chini ya ardhi siku ileile anayozaliwa mwanamke hapa juu, sura moja, sauti moja, ila yeye ni tasa na kijicho kinamla. Dawa yake ni kumdanganya.

Basi mimba ya tatu ilipoingia, Hajati alimtembeza mkwewe mlango kwa mlango, tumbo mbele, akiomba matambara ya kumvika mtoto, ili karina adhani anayekuja ni mwana wa ombaomba, kitu kisicho na thamani. Mtoto akatoka kabla ya wakati wake, mdogo kama kinda la njiwa. Wakamkimbiza hospitali. Pale mlangoni mwa wodi Hajati akamfinya Inshira mkono mpaka ngozi ikavilia damu.

"Sema! Kwa sauti, asikie aliye juu na aliye chini!"

"Huyu si wangu," Inshira akasema, machozi yanamtiririka. "Nimemwokota njiani. Simtaki."

Sista Demiana ni mtu wa hapahapa. Alielewa kuwa anadanganywa karina, akampokea mtoto.

Sasa kumbe wodi ile ilikuwa imebadili utaratibu. Zamani wazazi waliishia dirishani. Siku hizi kina mama wanaitwa ndani, wakae karibu na mashine za joto, wawabebe njiti wao kifua kwa kifua, maana mtoto anayesikia moyo wa mama yake anapumua vizuri zaidi. Sista alikuja mpaka nyumbani kumwita Inshira. Hajati alimfukuza uani na ufagio. Karina hufuata harufu ya mama, alisema, mama akikaa mbali, jini naye atapotea njia. Mume wa Inshira, mwana wa Hajati, alikuwa kazini Kuwaiti, akaambiwa kwenye simu kwamba mambo ni mazuri.

"Mama, nimguse tu," Inshira alikuwa akilia nyuma ya mlango, maziwa yamemlowanisha nguo. "Kidole chake kimoja tu."

"Umewagusa wangapi? Wako wapi?"

Hivyo ndivyo alivyomjibu, mwanamke mzima, mwenye Hija yake!

Siku ile aliporudi na chupa iliyojaa, Hajati alifungua kufuli, akamtazama mkwewe toka unyayo hadi utosi. Amekonda, macho yameingia ndani.

"Umetoka humu?"

"Kwa njia gani, mama?"

"Basi kuna mtu anakaa na mwanao," Hajati akanong'ona.

Inshira hakungoja hata viatu. Alikimbia peku kwenye lami ya moto, na Hajati akimfuata kwa nyuma, anahema, anasoma aya anazozikumbuka nusunusu.

Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo mji mzima umefunga milango kwa joto. Hajati alibaki nje, akachungulia kwenye dirisha la kupokelea maziwa. Inshira akaingia peke yake. Kina mama wote walikuwa wamelala vitini mwao, vifua wazi, watoto wamelala juu yao kama waliopewa dawa, na mashine ambazo siku zote hulia pi, pi, pi zilikuwa kimya kabisa, na hewa ilikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa na maziwa yaliyochacha, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, na katikati ya ukimya ule akasikia mtu anabembeleza mtoto kwa wimbo, wimbo ambao aliutunga yeye mwenyewe na hakuwahi kumwimbia mtu yeyote duniani isipokuwa wale wawili aliowazika.

Mwanamke wa kiti cha mwisho akageuka. Alikuwa Inshira. Inshira aliyeshiba usingizi, mashavu yamejaa, kifua kimejaa, na juu ya kifua hicho mtoto amelala ananyonya. Miguuni pake walikaa watoto wawili wadogo, wanachezea pindo la gauni lake jeusi. Sanda zao zilikuwa bado na udongo.

"Karibu, dada," karina akasema polepole. "Sema taratibu, usiwaamshe."

Inshira akatanguliza mikono. "Nipe mwanangu."

"Yupi? Hawa wawili niliwaiba, sikatai. Huyu sijaiba. Umenipa wewe, hapo mlangoni, nami nikamtunza. Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilifungiwa!"

"Mimi nilifungiwa chini ya ardhi," karina akasema, "na nikaja."

Kisha akamnyooshea mtoto. "Haya, mchukue."

Inshira akampokea. Alikuwa na joto, mwepesi, nywele laini mgongoni. Akamkumbatia kwenye kifua chake kilichokuwa kinauma kwa maziwa, akamnusa utosini, na kwa pumzi moja, ndiyo, moja tu, alikuwa na furaha. Mtoto akajipinda. Akakunja uso, akatafuta kwa mdomo kitu asichokipata, midomo ikawa samawati, halafu vidole, halafu uso wote, ile rangi aliyoijua Inshira, na mashine zote wodini zikalia kwa pamoja.

Sista Demiana akaja mbio. Hakuona watoto wa miguuni. Aliona wanawake wawili wa sura moja, mmoja mnene na msafi, mmoja peku mwenye vumbi, na mtoto anakufa mikononi mwa huyo wa vumbi.

"Mrudishie mama yake! Wewe ni nani?"

"Dada yangu," karina akasema, anajifuta machozi. "Kafiwa na wawili, kichwa hakijatulia. Mwambie mwenyewe, dada. Huyu ni wa nani?"

Inshira alimtazama mtoto. Kifua kilikuwa hakipandi tena.

"Si wangu," akasema. "Mchukue. Si wangu."

Karina akampokea, akamlaza kifuani, na mtoto akavuta pumzi ndefu, akawa mwekundu, akasinzia. Walinzi wakamtoa Inshira nje. Alipofika nyumbani, kufuli la Hajati sasa lilikuwa kwenye mlango wa nje.

Mtoto alipotimiza uzito akatoka hospitali, na Hajati akafanya sherehe ya kumkaribisha, ile ya siku ya saba, ambayo njiti huikosa kwa kuwa bado wako wodini. Mtoto akalazwa kwenye ungo, majirani wakashika mishumaa, Hajati akatwanga kinu cha shaba sikioni pake: "Msikilize bibi yako! Msikilize mama yako!" Nje pakabishwa hodi.

Hajati alifungua mlango ufa tu. Inshira alikuwa amesimama na mtandio mchafu kichwani. Walitazamana.

"Mama, ni mimi. Unanijua."

"Nakujua," Hajati akanong'ona. "Niliona yote pale dirishani. Lakini yule ana maziwa, na mjukuu wangu yu hai. Wewe umenipa makaburi tu."

"Ni wewe uliyenifundisha kusema!"

Hajati akamtia kiganjani pakiti ya njugu na peremende za wageni, akakikunja kiganja chake kwa mikono miwili. Toka ndani Inshira alisikia watoto wanacheka, watatu, na sauti yake mwenyewe ikiuliza:

"Nani huyo mlangoni, mama?"

"Ombaomba tu, mwanangu," Hajati akajibu, akafunga mlango.