Kivuli cha Nguzo ya Tatu

"Umenitumia picha ya jana!"

"Ya jana? Mpenzi, zege la leo hata halijanikauka mikononi!"

Binti msanifu majengo alikuwa ameibana simu begani, macho kwenye kompyuta. Shule nzima inayojengwa ilikuwa mle ndani, imechorwa hadi vizingiti, na jua alilitembeza kwa kidole. Akiiambia saa tatu, vivuli vinalala kama vya saa tatu. Mafundi walimwita Binti Kivuli. Kwenye kochi, shangazi yake, aliyesafiri jana kutwa kuja kumwona mchumba, alijifanya anasoma gazeti.

"Umesema saa tatu hii huwezi kutoka saiti, ukatuma picha iwe ushahidi. Kivuli cha nguzo ya tatu kimefika pembe ya darasa. Hapo hufika saa nne na nusu, na saa nne na nusu bado, bwana! Uko wapi, na uko na nani?"

"Niko juu ya jukwaa, niko na..."

"Usinichezee akili. Jua halina ubia na wewe!"

Akakata. Machozi yakamlenga. Mwanaume huyu, msimamizi wa saiti, wenzake walimwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia wima, kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka, naye alimpenda kwa sababu alidhani na maneno yake yamenyooka hivyohivyo.

"Achana naye, mwanangu," shangazi akasema. "Wa hivyo haishiwi visingizio."

Hakuachana naye. Alitaka kumbana asipate pa kutokea, kwa hiyo akapima na urefu wa kivuli. Akapima tena. Upande kilikolalia ulisema saa nne na nusu, urefu ukasema saa tatu, na jua haliwezi kuwa mahali pawili. Akaligeuza jengo kidogo tu kwenye kioo. Kivuli kikalala sawasawa na cha pichani.

Timazi hakudanganya. Jengo ndilo lililokaa upande.

Akampigia mbiombio.

"Nisamehe. Ulikuwa saiti kweli. Ila jengo lako halijakaa kama lilivyochorwa. Limegeuka."

"Nipe nusu saa."

Nusu saa hiyo aliimaliza akiizunguka meza. Simu ikaita, akaiweka spika.

"Limegeuka nyuzi nane," sauti ya Timazi ilikuwa kavu. "Katapila liling'oa bikoni, lile jiwe la vipimo, nikapima upya kwa dira. Nilisimama karibu na rundo la nondo, chuma kikaivuta sindano. Kosa ni langu."

"Jua litawapiga watoto machoni madarasani."

"Najua. Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Nyuzi nane hazionekani kwa macho. Timazi angeweza kuzipiga plasta, akapaka rangi na kustaafu nazo. Binti Kivuli hakumsaidia kwa neno lolote. Aliogopa jibu.

"Basi nampigia bosi. Jamani mafundi, zege lisimame!"

Binti Kivuli akaikumbatia ile simu. Mungu wangu, alimpenda mtu yule! Akafuta machozi, akaketi kazini. Akaurefusha upenu wa paa, akalizungusha jua mwaka mzima, akaurefusha tena. Kisha akatuma ujumbe:

"Mwambie bosi msibomoe nguzo. Upenu ukiongezwa hatua moja na nusu, madarasa yote yanapata kivuli. Mchoro huu hapa."

Jibu lilichelewa saa nzima.

"Bosi ameukubali upenu, na usimamizi ameninyang'anya. Kesho ni fundi wa kawaida. Mwambie shangazi msimamizi aliyemfuata hayupo tena."

Alimsomea shangazi. Shangazi akaweka gazeti chini, akamnyang'anya simu na kupiga mwenyewe.

"Haloo, ni shangazi mtu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Masikio ninayo, nimesikia yote. Hivi wako wangapi wanaojishtaki wakati hakuna aliyewaona? Mimi nimeishi na mume miaka thelathini. Bakuli akilivunja yeye, anasema paka."

"Shangazi, nimechafuka zege mwili mzima..."

"Nani kauliza nguo? Njoo nikuone. Na wazazi wako waje Jumapili tupange harusi, kabla huyu mtoto hajakupima tena!"