Bahasha ya London, Jina la Yuliana

"Bwana Majaliwa, umekosea. Barua hii si yangu."

"Nani kasema ni yako? Ya mchumba wako. Mpelekee, uniokolee safari ya Kitangari."

Silvano aliigeuza bahasha mara ya tatu pale dirishani kwa Bwana Majaliwa, karani wa posta ya Newala. Muhuri wa London, stempu ya Malkia, na jina lililopigwa kwa taipu: Yuliana Dastani.

Bahasha za namna ile zilikuwa zake yeye. Miaka miwili alisoma utunzaji wa hesabu kwa posta, apate cheti, ushirika wa wakulima wa korosho umchukue kuwa karani. Mzee Nathanaeli, mjomba wa Yuliana, alishakata maneno: "Harusi itasubiri cheti." Mwezi wa sita Silvano akafanya mtihani, akaanguka vibaya; yeye, ambaye majibu yake ya nyumbani yalikuwa yakirudi na alama tisini!

Sasa Yuliana ana mtu London?

Alimkuta Yuliana kule Kitangari, akipanda kutoka kisimani bondeni, debe kichwani, maji hayatikisiki.

"Nani anakuandikia kutoka Ulaya?"

"Hata habari za asubuhi hakuna?"

"Nani, Yuliana?"

"Nitue kwanza."

Akamtua. Yuliana akafuta mikono kwenye kanga, akaichana bahasha, akasoma, kisha akakaa chini mchangani.

"Nimefaulu."

"Umefaulu nini?"

"Utunzaji wa hesabu. Daraja la kwanza."

Silvano akacheka. Akaona anacheka peke yake.

"Mtihani wangu?"

"Wako uliufanya mwezi wa sita. Wangu niliufanya Desemba, kule Masasi. Ada nililipa kwa korosho zangu."

"Desemba ulikwenda kumwuguza shangazi yako!"

"Nilimwuguza. Asubuhi mtihani, jioni uji wa shangazi."

"Ukasoma lini wewe?"

"Nani alikuwa akinakili majibu yako, maana mwandiko wako kama kuku kapita?"

"Kunakili si kusoma."

"Nikikuta kosa nilikuwa nalisahihisha. Mwanzoni moja moja. Baadaye, Silvano, ukurasa mzima."

Silvano akatafuta pa kushika, akashika debe. Zile alama tisini alizomwonyesha kila mtu hadi Tandahimba, zile alizolala nazo chini ya mto!

"Kwa hiyo niliingia kwenye mtihani nikijiona bingwa, kumbe…"

"Kumbe."

"Mbona hukuniambia?"

"Mara ya kwanza niliogopa utanuna. Nilitaka cheti kije upesi tuoane. Halafu nikaona hesabu zenyewe nazipenda. Zikikataa kulingana, silali."

Hakujua amkumbatie au amwage yale maji. Mkono ulikwenda huku, ukarudi kule.

"Mjomba nitamwambia nini?"

"Alisema harusi itasubiri cheti. Cheti hiki hapa. Alitaja cha nani?"

"Na ushirika? Karani mwanamke, Newala hii?"

"Wakulima wakipeleka korosho wakaandikiwa uzito wa haki, watazoea."

"Na mimi?"

"Utarudia mwezi wa sita. Nitakufundisha. Ila sikunakilii tena hata mstari mmoja. Ukikosea, ulione kosa lako mwenyewe."

Silvano alimpenda, hilo halikumchanganya. Kilichomchanganya ni kwamba asubuhi alikuwa na mchumba anayemsubiri, na sasa mchumba huyo ametangulia, yeye ndiye anayefuata nyuma.

"Sawa," akasema. "Kesho twende kwa mjomba. Lakini kwanza uniombe radhi."

Yuliana akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akapiga mafundo mawili. Akaweka kata ya kubebea debe kichwani.

"Nitwishe."

Akamtwisha.

"Yuliana, radhi."

"Kwa mjomba tutakwenda, na nikikuona umesimama nami mlangoni kwake nitafurahi kuliko nilivyofurahia bahasha hii. Lakini radhi ya kusoma, radhi ya kufaulu? Siombi. Leo siombi, na tukishaoana usinidai. Siombi."