Sisi Kumi za Gaju

Asubuhi pale Kidahwe ilianza kwa kelele zake za kawaida. Jogoo aliwika. Bodaboda za kwenda Kigoma mjini zilinguruma barabarani. Na Jonathan alilalamika kwamba chai haina maziwa ya kutosha.

"Maziwa yako kwa Gaju," Yunisi, mke wake, alimjibu. "Nenda ukamwombe mwenyewe, Baba Bariki."

Jonathan hakwenda. Alikaa barazani na sindano yake ya mbao, akaendelea kushona wavu wa watu. Alizaliwa Katonga, kando ya ziwa, katika ukoo wa wavuvi waliotoka Kongo. Wavu uliotoboka angeuziba huku amefumba macho. Lakini ng'ombe! Kwake yeye ng'ombe alikuwa samaki tu, mgebuka wa ziwani mwenye pembe. Tangu ahamie kwenye shamba la mkewe, majirani walimwita Samaki wa Nchi Kavu, naye aliitika bila kununa.

Yunisi alikuwa Muha, mtoto wa mfugaji. Baba yake alipofariki alimwachia ng'ombe mmoja tu. Huyo ndiye Gaju, ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu na maringo ya bibi harusi. Gaju ndiye aliyempa mtoto wao Bariki maziwa, na samadi yake ndiyo iliyonenepesha mihogo. Yunisi alipomkamua alihisi kama baba yake bado yupo hapo nyuma, anamwambia, "Taratibu, mwanangu, taratibu."

Asubuhi hiyo Yunisi alifungua zizi na ndoo mkononi. Gaju hakutoka. Alisimama kwa miguu mitatu. Mguu wa nyuma wa kulia aliunyanyua juu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Yunisi aliinama, akatazama. Katikati ya kwato palikuwa pamevimba na panatoa harufu mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na zizi lote lilikuwa tope.

"Anachechemea?" Jonathan aliuliza kutoka barazani. "Ngoja nilete bomba la sindano. Lile la mwaka jana bado lipo, nimelichomeka kwenye paa la jiko."

"Baba Bariki," Yunisi alisema polepole, "ukimgusa Gaju kwa bomba hilo, nakurudisha Katonga kwa miguu."

Jonathan alirudi kwenye wavu wake. Wote wawili walimkumbuka mbuzi.

Mwaka jana mbuzi wao alikohoa. Jonathan alikwenda dukani, akanunua dawa na bomba. Muuza dawa akamwambia, "Mchome sisi tano." Jonathan akarudi nyumbani, akaita majirani. Wakakusanyika watu watano, wakamkamata mbuzi kwa nguvu zao zote. Jonathan akajaza bomba mpaka juu, akamchoma kwenye paja kwa nyuma, palepale ambapo watu huchomwa hospitali. Mbuzi alilia sana. Kesho yake alianza kuburuta mguu. Mguu ukakonda, ukakauka, na mwisho mbuzi akafa.

Kaka yake Yunisi, Wilfred, aliyeishi Kasulu, hakusahau habari hiyo. Siku ya mazishi ya baba yao alikuwa amesema mbele ya watu, "Ng'ombe wa mzee hafai kukaa kwa mvuvi." Baada ya mbuzi kufa alisema tena.

Na habari za kijijini hazihitaji nauli. Kabla ya jua kupanda, simu ya Yunisi iliita.

"Nasikia Gaju naye anachechemea," alisema Wilfred. "Shemeji amemchoma tena?"

"Hajachomwa na mtu yeyote, kaka. Ni kwato. Ni tope."

"Jumamosi nakuja na kamba. Nikimkuta hawezi kutembea vizuri, namchukua. Sitaki ng'ombe wa baba afe kama yule mbuzi."

Simu ikakatika. Yunisi aliitazama ndoo tupu, kisha akamtazama Gaju.

"Haendi popote," alisema. "Hafi, na haendi popote."

Alifunga kanga kiunoni, akampigia simu afisa mifugo wa kata.

* * *

Afisa mifugo alikuwa mama mmoja mcheshi aliyeitwa Elida. Alifika kwa pikipiki yake, buti zimejaa matope mpaka magotini.

"Karibu, dokta," alisema Jonathan.

"Mimi ni afisa mifugo, baba. Ukiniita dokta, ng'ombe atanidai cheti."

Elida alimpima Gaju joto, akaukagua mguu, akausafisha kwa maji ya chumvi.

"Kwato zimeoza kwa sababu ya tope," alisema. "Atapona, lakini anahitaji sindano kila siku, siku tano mfululizo. Leo nachoma mimi. Kesho nipo vijiji vya mbali, kuna chanjo. Nani ataendelea?"

Jonathan aliinua mkono. Yunisi akaushusha.

"Mimi," alisema Yunisi. Tangu utotoni aliogopa sindano. Kliniki, Bariki alipochanjwa, aliyelia alikuwa mama. "Nifundishe, Mama Elida. Naogopa, lakini nifundishe."

"Vizuri. Anayeogopa huwa anasikiliza." Elida alitoa utepe, akamzungushia Gaju kifuani ili akadirie uzito. Kisha akasoma maandishi kwenye chupa. "Kwa dawa hii na uzito huu, tutampa sisi kumi."

Jonathan aliruka. "Sisi kumi? Basi niite majirani! Hapa tupo watatu tu!"

Elida alimtazama. Yunisi alimtazama. Hata Gaju aligeuza shingo.

"Majirani wa nini, baba?"

"Wa kumshika! Si umesema sisi kumi? Mwaka jana, kwa mbuzi wetu aliyekufa, muuza dawa alisema sisi tano, tukawa watano, nami nikajaza bomba. Hata nikasema moyoni, huyu naye Kiswahili chake kibovu. Angesema 'sisi watano'."

Elida alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Lakini alipoacha kucheka, uso wake ukawa mkavu.

"Baba Bariki, hiyo sisi ni kipimo cha dawa, cc. Tazama bomba. Unaiona hii mistari na namba? Kila namba inaonyesha ni sisi ngapi. Kumi ni hapa. Si chini, si juu. Yule mbuzi alipata dawa nyingi kupita kiasi."

Jonathan alikaa chini kwenye jiwe. "Kumbe niliwakusanya watu bure," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mguu?" Yunisi aliuliza. "Alimchoma pajani. Mbona mguu ulikauka?"

"Ni hilo paja. Ndani ya paja, kwa nyuma, unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoendesha mguu. Sindano ikiugusa, mnyama anakuwa kilema. Njoo, mama, nikuonyeshe mahali salama."

Elida aliuweka mkono wa Yunisi kwenye shingo ya Gaju. "Hapa juu kuna ukano mgumu kama kamba, usiuguse. Hapa chini kuna mfupa wa shingo, usiuguse. Hapa nyuma ni bega. Katikati yake pana nyama nene yenye umbo la pembetatu. Unaihisi?"

"Naihisi."

"Hapo ndipo. Leo upande huu, kesho upande wa pili, ili nyama isiumie."

Jonathan alikwenda jikoni, akachomoa lile bomba la zamani kwenye paa. Sindano yake ilikuwa na kutu na imepinda. "Hili basi linatosha kwa kazi gani?" aliuliza.

"Linatosha kumpa Gaju jipu. Kila mnyama na sindano yake mpya. Iliyotumika hairudi kwenye chupa ya dawa, haimchomi mwingine, na haitupwi jalalani. Bariki anacheza wapi?"

"Jalalani," walisema baba na mama kwa pamoja, wakatazamana.

Elida aliomba galoni gumu lenye mfuniko. "Sindano zote zilizotumika ziingie humu moja kwa moja. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake, utajichoma kidole. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda zahanati. Siku ya mwisho galoni nitalichukua mimi."

Elida alimchoma Gaju sindano ya kwanza. Baadaye akampa Yunisi bomba lenye maji safi na papai bichi. Yunisi alichoma papai. Sindano iliteleza kwenye ganda. Akachoma tena, na tena, mpaka mkono ukazoea.

"Papai limepona," Jonathan alitangaza. "Mpeni uji."

Elida aliwaachia chupa ya dawa, mabomba na sindano mpya, akapanda pikipiki. Kisha akageuka.

"Jambo moja kubwa msisahau. Mkishaingiza sindano, kabla ya kusukuma dawa, rudisheni mchi wa bomba, hiki kijiti cha kusukumia, nyuma kidogo. Damu ikionekana, mmeingia kwenye mshipa wa damu. Msisukume! Dawa hii ikiingia kwenye mshipa inaweza kumwangusha ng'ombe palepale. Chomoeni, badilisheni sindano, tafuteni mahali pengine. Na maziwa yake yasinywewe. Mkamueni na kumwaga, mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa baada ya sindano ya mwisho."

"Na chai?" Jonathan aliuliza.

"Ya rangi, baba."

* * *

Jumamosi Wilfred aliteremka kutoka kwenye basi la Kasulu akiwa na kamba mpya begani. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Mwakeye," alisalimia kwa Kiha, kisha akaenda moja kwa moja zizini.

Zizi lilikuwa limebadilika. Jonathan alikuwa ametoa tope lote na kutandaza mawe na majani makavu. Gaju sasa aliukanyaga mguu, lakini bado alichechemea.

"Kama nilivyosikia," alisema Wilfred, akaanza kukunjua kamba. "Ng'ombe ni kiwete. Anakwenda Kasulu."

Yunisi alisimama kwenye mlango wa zizi. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sogea."

"Sisogei. Leo ni sindano ya tatu. Zimebaki mbili baada ya hii. Ukimtembeza leo, mguu utaharibika, na dawa itakatika kabla hajapona. Subiri mpaka Jumatatu. Jumatatu akichechemea, nitakushikia kamba mwenyewe."

Wilfred alimtazama mdogo wake kana kwamba ni mara ya kwanza kumwona. "Na anachoma nani? Huyu mvuvi?"

"Mimi."

"Wewe unayelia kliniki?"

"Mimi ninayelia kliniki. Nipe hiyo kamba. Tuna kazi nayo."

Jonathan aliichukua kamba mikononi mwa Wilfred. Akamfunga Gaju kichwa kwenye nguzo, kifupi, kwa fundo la wavuvi linalofunguka kwa kuvuta mara moja.

"Ng'ombe akianguka, ninavuta hapa tu, hajinyongi," alieleza. "Shemeji, shika mkia. Sogea kando ya nyonga, usisimame nyuma yake. Ana teke la mlinda mlango."

Yunisi alinawa mikono kwa sabuni. Alisoma chupa, akaitikisa. Alifungua sindano mpya. Alivuta dawa mpaka kwenye namba kumi, akainua bomba juu na kutoa hewa. Kisha akapapasa shingo ya Gaju, akaifuta, akaupata ule mnofu wa pembetatu.

"Taratibu," alijiambia.

Akachoma. Gaju alishtuka, akatulia. Yunisi alirudisha mchi nyuma kidogo.

Damu! Uzi mwembamba mwekundu ulijipinda ndani ya dawa nyeupe.

"Umemtoboa!" Wilfred alipiga kelele. "Nilisema mimi! Unamuua ng'ombe wa baba!"

"Sukuma, umalize!" alisema Jonathan kwa hofu. "Ni damu kidogo tu!"

Vidole vya Yunisi vilikuwa juu ya mchi. Kusukuma kulikuwa rahisi. Kusukuma, kufunga kazi, na kumnyamazisha kaka yake. Lakini aliisikia sauti ya Elida waziwazi: msisukume.

"Nyamazeni wote wawili," alisema. "Sijakosea. Hivi ndivyo ninavyojua kwamba niko kwenye mshipa."

Akachomoa. Sindano akaiingiza kwenye galoni, na dawa iliyoingia damu akaimwaga. Akaanza upya, bomba jipya, sindano mpya, dawa mpaka kwenye kumi. Akahamisha vidole kidogo, akachoma. Akarudisha mchi nyuma. Hapakuwa na damu. Akasukuma dawa polepole mpaka ikaisha.

Gaju alipiga miayo na kuanza kutafuna majani.

Wilfred aliachia mkia. "Mimi kule Kasulu," alisema taratibu, "nachoma tu. Huwa sirudishi nyuma. Mwaka juzi ndama wangu alianguka palepale nilipomchoma. Tukasema amerogwa."

Hakuna aliyemcheka. Hata Jonathan hakumcheka, ingawa midomo ilimwasha.

"Kaa mpaka Jumatatu, kaka," alisema Yunisi. "Nitakuonyesha kwa papai."

* * *

Jumatatu Yunisi alichoma sindano ya mwisho mapema, kabla ya kumpeleka Gaju malishoni. Kisha akafungua zizi.

Gaju alitoka. Alikanyaga mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akautua kwenye majani makavu kwa uzito wake wote, akatembea na maringo yake kama zamani, moja kwa moja mpaka kwenye mihogo. Kwa mara ya kwanza Yunisi hakumfukuza.

Elida alikuja kuchukua galoni la sindano. Alizikagua kwato, akatikisa kichwa kwa furaha. "Zizi libaki kavu hivihivi," alisema. "Na maziwa bado. Hesabuni siku za kwenye chupa."

"Chai ya rangi tumeizoea," alisema Jonathan kwa huzuni ya uongo.

Wilfred alisimama kando ya shamba akiongea na mke wake kwa simu, kwa sauti ya kusikika mpaka Ujiji. "Ndiyo, anatembea! Hapana, simleti. Abaki hukuhuku, anatunzwa... Nani alimchoma? Ah!" Alitazama pembeni. "Tulimchoma sisi."

Jonathan aliinua kichwa kutoka kwenye wavu wake. Hili hangeweza kuliachia.

"Sisi ngapi, shemeji?"

Wilfred alimtazama Yunisi, akamtazama Jonathan, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa imeshika mkia.

"Sisi watatu," alisema. "Na dawa sisi kumi."