Pikapu ya Opendi na Nyanya za Scovia

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, alasiri, ungepita nyumbani kwa Luke Opendi kule kijijini Kirewa ungewakuta wote uani wakichagua nyanya. Mkewe, Scovia, amekaa juu ya kigoda, anatenga zilizoiva na zile ambazo bado hazijageuka rangi. Binti yao Babra anafuta udongo kwa kitambaa. Bibi Abbo, mama yake Opendi, ameunyoosha mguu wake uliovimba juu ya mkeka, anakula nyanya zilizopasuka kwa chumvi. Opendi mwenyewe anapigilia misumari kwenye kreti za mbao. Hakuna anayepaza sauti. Nyumba ile ilikuwa ya amani, jamaa zangu, na ninasema hivyo kwa sababu nimekula pale mara nyingi.

Mimi naitwa Rasto. Ni fundi wa magari, na karakana yangu iko Tororo, kando ya barabara iendayo Busia. Kazi yangu kubwa ni springi na tairi. Opendi nimesoma naye darasa moja, kwa hiyo haya ninayowasimulia sikuyasikia njiani. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na katika mengine nina lawama yangu, kama mtakavyosikia.

Kwa miaka mingi nyanya za Scovia zilipelekwa soko la Busia kwa lori dogo la Nathan, mtu wa Paya, kijiji jirani. Nathan alikuja alipopenda. Akichelewa nusu siku, wanunuzi wanaovuka kutoka upande wa Kenya walikuwa wamekwisha kununua za wengine. Ndiyo maana alasiri ile, baada ya kuuza ng'ombe na kukusanya akiba yao, mume na mke walikuwa wakizungumza juu ya kununua pikapu.

"Baba Babra, sisi tunataka gari ya kazi," Scovia alisema. "Bodi ya nyuma, pale pa mzigo, iwe ndefu, iingize kreti nyingi. Isinywe mafuta sana. Na pale bondeni, mvua ikinyesha, ipite."

"Na Mama na mguu wake, siku ya kliniki?"

"Mama atakaa mbele. Siku ya kliniki hatubebi nyanya."

Opendi akacheka, akakubali. Walimwambia hata Nathan kwamba msimu ujao asiwahesabu tena. Mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na hadithi ya kuwapa.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harambee kanisani. Obore, kijana wa pale pale Kirewa aliyehamia Busia kufanya biashara, alifika na pikapu iliyoinuka juu, ya milango minne, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona. Watu waliinuka. Akaletewa kiti cha mbele, karibu na mchungaji. Opendi alikuwa kwenye benchi la nyuma.

"Fundi," aliniambia baadaye, alipokuwa hafichi tena kitu, "msingi wa kanisa lile nilichimba mimi, na mikono hii. Lakini siku ile hakuna mtu aligeuka kuniona."

Lile jambo lilimwingia. Siku ya Jumanne alimwambia mkewe, "Nakwenda Busia kuangalia tu," akapanda pikipiki ya abiria peke yake, fedha za gari mfukoni.

Pale Busia kuna mama mmoja, Anjeline, anauza magari yaliyotumika. Ni mtu wa maswali. Kabla hajakuonyesha gari atakuuliza kama daktari.

"Unabeba nini, mzee?"

"Familia," Opendi akajibu.

"Na mzigo?"

"Kidogo tu. Vitu vya sokoni."

"Barabara ya kwenu ikoje?"

"Nzuri. Ni lami karibu mpaka nyumbani."

Jamaa zangu, ninyi mnaijua njia ya kwa Opendi. Lami inaishia mbali, halafu kuna lile bonde ambalo msimu wa mvua hata baiskeli inabebwa begani. Lakini macho ya Opendi yalikuwa yamekwisha kuiona pikapu nyeupe, ya milango minne, viti vya ngozi, tairi pana za mjini.

"Kama ni hivyo unavyosema, hii nyeupe itakufaa," Anjeline akamwambia. "Lakini kama una shamba, sema, nikuonyeshe ile ya kijivu kule nyuma. Ile ni ya milango miwili, injini ya dizeli, bodi ndefu."

Opendi aliitazama mara moja tu. "Ile ni ya kubebea matofali," akasema, akalipia ile nyeupe.

Akirudi alisimama kwangu. Alipiga honi, akashuka, akaizunguka ile nyeupe kama bwana harusi. "Waionaje, fundi?"

Niliinama nikatazama chini. Springi za nyuma zilikuwa za chuma kilichozungushwa duara duara, laini, za kumfanya abiria alale usingizi. Hazikuwa zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zinazohimili mzigo. Bodi ilikuwa fupi. Injini ilikuwa kubwa, ya petroli. Yote niliyaona kwa dakika moja. Kisha nikamtazama rafiki yangu usoni, nikaona furaha ambayo sijamwona nayo tangu harusi yake.

"Hongera, ndugu yangu," nikasema. Sikusema neno jingine. Hii ndiyo lawama yangu.

Nyumbani watoto wa majirani walikuja mbio. Scovia alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakugusa milango wala viti. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akafungua, akaingiza kreti moja, akaingiza ya pili, akapima iliyobaki kwa mkono wake.

"Baba Babra, bodi iko wapi?"

"Si hiyo?"

"Hii ndiyo bodi?"

"Nilimfikiria Mama," Opendi akasema. "Akae vizuri nyuma."

Bibi Abbo akainua uso. Siku ya kliniki ilipofika, gari lilikuwa juu mno kwa mguu wake. Watu wawili walimwinua kama gunia, na yeye ni mtu wa heshima zake. Alipokwisha kukalishwa alisema taratibu, "Mwanangu, gari yako ni nzuri. Lakini usiseme ni mimi niliiomba."

Basi wakaanza kuishi nalo. Scovia alipotaka kupanga kreti kwenye viti vya nyuma, Opendi alimkataza. Maji ya nyanya yangeharibu ngozi. Alipotaka kubeba samadi, alimkataza pia. Kwa miezi miwili pikapu ilikwenda kanisani na mazishini, na kila mahali ilipofika watu waliinuka. Ukweli usemwe: Opendi alipata alichokitaka. Nyanya nazo zilikuwa zinakua.

Mwezi wa saba ziliiva zote kwa wiki moja. Hazikuwa za Scovia peke yake. Wanawake wengine sita wa Kirewa na Paya walikuwa wameunda kikundi naye, wakijua sasa kuna gari nyumbani. Opendi akamtafuta Nathan. Nathan alikuwa amepata kazi ya kubeba mchanga Tororo, hana nafasi mpaka mwisho wa mwezi.

"Si mliniambia nisiwahesabu?" alisema, na hakusema kwa ubaya.

Opendi akaanza safari. Kreti chache kwenda Busia, kurudi, kreti chache tena. Petroli ilikula faida ya nyanya kabla nyanya hazijafika sokoni. Siku ya pili aliongeza mzigo. Alipopita kwangu nilimsimamisha, maana nyuma gari lilikuwa limekaa chini kama kuku anayeatamia.

"Opendi, springi hizi ni za kubeba watu, si mzigo. Usipakie hivi tena."

"Nyanya hazingoji, fundi."

"Zitakatika."

"Kesho tu, nimalize."

Sasa nilikuwa nimesema, lakini gari lilikuwa limekwisha kununuliwa na nyanya zimekwisha kuiva. Maneno yangu yangemsaidia nini?

Usiku huo mvua ilinyesha. Asubuhi alipakia kreti mpaka zikapita paa la gari. Kwa kuwa bodi ni fupi, mlango wa nyuma aliuacha wazi, akafunga kamba. Scovia alipanda juu nyuma, azishike zisiteleze. Wenzake walimwambia ashuke. Alijibu kwamba hizo si nyanya zake peke yake.

Pale bondeni tairi za mjini zilianza kuteleza. Opendi akakanyaga mafuta. Gurudumu la kushoto likazama kwenye shimo, springi ikakatika kwa mlio ambao wanawake waliokuwa wakija nyuma kwa miguu waliusikia, na gari likalala upande. Kamba ilikatika. Scovia alianguka kwenye tope, na kreti zikamwangukia.

Walimtoa hai. Namshukuru Mungu kila nikifika hapa. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na kifundo cha mkono wa kulia. Walimbeba mpaka barabarani, wakapata gari la kumfikisha hospitali Tororo. Nyanya nyingi zilibaki kwenye kinamasi, na zilizookolewa zilioza kabla ya kupata usafiri.

Nilifika hospitalini jioni. Opendi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, tope limemkaukia miguuni.

"Mama Babra, nisamehe," alikuwa akisema.

"Kwa nini hukuniita tukaenda pamoja Busia?" Scovia aliuliza. Hakulia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Opendi alibandua tope kavu mguuni. "Nilijua utakataa ile nyeupe. Nami nilitaka nikipita watu wasimame."

"Mimi nasimama shambani kutoka asubuhi mpaka jioni. Hukuniona?"

Opendi alifunika uso. Mimi nikaona siwezi kukaa pale kama mtu asiyehusika. Nikamwambia Scovia kwamba siku ile ile ya kwanza nilijua gari halitawafaa, na sikusema.

"Ulijua, fundi?"

"Nilijua."

Aligeuza uso akatazama ukuta. Hakunitukana. Ningependa kama angenitukana.

Juma lililofuata Opendi alikwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba kwa wale wanawake sita. Hakutuma mtu. Aliwaambia alivyomdanganya muuzaji, na kwa nini. Watano walimpa mkono. Wa sita, Resty wa Paya, ambaye nyanya zile zilikuwa za kumlipia mwanawe shule, alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Nitakusamehe, lakini si leo." Opendi aliitikia, akaondoka.

Scovia alipopata nafuu, mkono bado umefungwa shingoni, tulikwenda Busia wanne: yeye, mumewe, bibi Abbo na mimi. Niliiendesha ile nyeupe taratibu, baada ya kuitengeneza. Scovia alitutaka tupakie kreti tatu tupu. Anjeline alipouliza maswali yake, Opendi alijibu yote kwa ukweli: nyanya, samadi, bonde, tope, mama mwenye mguu mbovu.

"Ungeniambia haya siku ile," Anjeline akasema, "leo mkeo asingekuja na bandeji."

Ile ya kijivu ilikuwa imekwisha kuuzwa. Lakini alikuwepo daktari wa mifugo aliyetafuta gari kama lile jeupe, kwa kuwa huzunguka na wasaidizi watatu na sanduku la dawa. Kwake lilikuwa gari zuri kabisa, akalinunua. Opendi na Scovia walipata hasara katika kuuza hili na kununua lingine, na ng'ombe wawili waliobaki walikwenda na hasara hiyo.

Safari hii aliyechagua ni Scovia. Kwa mkono wake mzima alipanga zile kreti tatu kwenye bodi ya kila pikapu, akazisogeza, akahesabu zitaingia ngapi. Bibi Abbo alijaribu kupanda mwenyewe, bila kushikwa. Mimi nililala chini kutazama kutu, springi na mafuta yanayovuja. Tulipofikia moja ya bluu, ya milango miwili, mlango mmoja una rangi tofauti na mwingine, Anjeline alitaka kutuzungusha nayo.

"Si tupu," Scovia akasema. "Iwekwe mzigo kwanza."

Watu wa ghala la jirani walituazima magunia ya mahindi. Tukaipakia, tukaipeleka kwenye njia mbovu nyuma ya soko. Ilipanda, ikashuka, haikulalamika. Opendi alikuwa kwenye usukani. Alimgeukia mkewe.

"Wewe unasemaje?"

"Hii," akasema Scovia.

Sitawaambia kwamba sasa wana mali nyingi. Bega la Scovia linamuuma siku za baridi, na zizi bado halina ng'ombe. Lakini msimu uliofuata kreti za wanawake wote saba zilifika Busia asubuhi mapema. Zile za Resty zilikuwemo. Alizileta mwenyewe mpaka kwenye gari, akampa Opendi mkono kabla hajaulizwa kitu.

FUNZO

Jamaa zangu, gari ni jembe lenye magurudumu. Ukitaka kulinunua, anza na kazi yako: unabeba nini, kiasi gani, mara ngapi, kwenye barabara gani, na nani atapanda. Jibu maswali hayo kwa ukweli, hata mbele ya muuzaji, kwa sababu ukimdanganya yeye, utakayemuumiza ni wa nyumbani kwako. Lijaribu likiwa na mzigo wako. Gari la mwenzio linaweza kuwa zuri na lisikufae wewe.

Nyinyi wanaume wenzangu, msinunue peke yenu kitu kitakachofanyiwa kazi na watu wawili. Anayepakia nyanya anajua urefu wa bodi kuliko anayeshika usukani.

Na wewe unayeulizwa na rafiki, "Waionaje?", usimpe hongera kwa kuogopa kumwondolea furaha. Mwambie ulichoona, siku hiyo hiyo. Akikasirika, atakasirika wiki moja. Mimi nilinyamaza, na mwanamke aliyekuwa akinipikia akavunjika bega.