Mwanamke wa Stesheni

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu.

Dada ni msusi. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi redio, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mwaka ule alipata kichaa chake kidogo: alianza kujenga reli ya treni ndogo kwenye chumba cha wageni. Aliunda meza iliyotoka ukuta hadi ukuta. Mataruma ya kulalia reli aliyafanya kwa njiti za kiberiti, mlima akaufinyanga kwa magazeti na gundi, nyasi zikawa vumbi la mbao lililochovywa rangi ya kijani. Ukasimama mji mzima, pamoja na stesheni yenye taa. Nyumba ya pembeni kabisa, yenye mlango wa buluu, ilikuwa mfano wa nyumba waliyopanga wao.

Mwanzoni dada alicheka. "Wenzangu wanaporwa waume na wanawake," aliniambia. "Wangu kaporwa na garimoshi!"

Mabehewa shemeji aliyanunua kwa muuza vikorokoro sokoni. Moja mlango wake ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Alipoubandua kwa kisu, akakuta ndani mwanamke mdogo, hazidi kidole gumba, kavaa gauni la njano. Akamsimamisha stesheni.

Dada alimwona siku hiyo hiyo, alipompelekea mumewe chai. Akamwinamia. Nywele za yule mwanamke zilikuwa zimesukwa. Hazikuchorwa. Zilikuwa nywele za kweli, mstari kwa mstari, na mkono uliozisuka ulikuwa mwepesi kuliko wake.

Roho ikamuuma.

Tangu hapo shemeji akawa anarudi mapema kazini, anaoga, anajipulizia manukato, kisha anajifungia na treni yake. Dada akipita koridoni anasikia kicheko cha chini chini.

"Unaongea na nani humo?"

"Na injini."

"Injini ndiyo inayokuchekesha hivyo? Mimi mbona hunicheki?" Akausukuma mlango. "Basi nichonge na mimi. Mwenye nyumba ni mimi."

Shemeji alimchonga kweli, kimo kile kile, akamweka kwenye mlango wa buluu. Kesho yake jioni dada alipochungulia, mlangoni alisimama yule wa gauni la njano. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya behewa, uso umebandikwa dirishani.

"Umetuhamisha kwa nini?"

"Sijagusa kitu, mke wangu. Nilikuwa kazini."

Alisema kweli. Na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Wiki ile jirani yao, mama mmoja mshonaji, alimnunia dada. "Nimekusalimu asubuhi, upo dirishani kwako, ukanitazama tu kama unatazama ukuta." Asubuhi hiyo dada alikuwa saluni, vidole vimezama kwenye kichwa cha mteja. Siku nyingine shemeji akamshika bega, macho yanang'aa. "Chai ya leo mchana ilikuwa na mkono. Hujawahi kunipikia tamu hivyo."

Dada hakuwa amerudi nyumbani mchana.

Aliniambia hakuogopa. Alichosikia ni moto kifuani. "Tamu kuliko yangu?" alimuuliza mumewe. "Jibu! Tamu kuliko yangu?"

Shemeji akaenda kwenye treni yake. Usiku huo dada alipopanda kitandani, upande wake ulikuwa na joto.

Kesho yake, kabla hajaenda saluni, alimchukua yule mwanamke wa stesheni pale kwenye mlango wa buluu, akamtumbukiza kwenye jiko la mkaa. Alisimama pale mpaka gauni likayeyuka. Shemeji alilia kama aliyefiwa. Dada akajifunga kitambaa, akaenda kazini, moyo mweupe.

Alasiri alirudi. Ufunguo ukagoma kuzunguka. Akagonga.

Ndani kulikuwa na mtu anaosha vyombo. Maji yakafungwa. Zikaja hatua, polepole, zikasimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

Sauti ilikuwa yake. Yake mwenyewe.

Alifika kwangu miguu mitupu. Siku ya pili nikamwacha amelala, nikaenda kumchukulia nguo. Shemeji alinifungulia akiwa amenyoa ndevu, amependeza, tabasamu hadi masikioni.

"Karibu shemeji! Vipi, mbona hujatuarifu? Dada yako yuko jikoni, anakuja sasa hivi."

Nikachungulia ndani. Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa wazi. Treni ilikuwa inazunguka. Nikauona ule uso wa dada wa mti kwenye dirisha la behewa, ukapita. Ukapita tena. Mara ya pili mdomo ulikuwa wazi.

Ndala zikaanza kuburuzika kutoka jikoni. Zilikuwa zinakuja.

Sikungoja. Nilikimbia, na nguo nikaziacha huko huko.

Ilipita miezi mingi. Mwenye nyumba akatuita: mpangaji hajaonekana, na hakuna jirani aliyeona mtu akihama. Dada alikataa kata kata, nikaenda peke yangu. Vyumba vilikuwa vitupu. Hakukuwa na meza, wala reli, wala kitanda. Sakafuni vumbi lilikuwa limelala, halina hata alama ya unyayo. Mwenye nyumba akanikonyeza nije uani.

Kwenye kamba zilianikwa nguo za mtoto mchanga. Nepi, vijikofia, gauni dogo. Zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Nilimsimulia dada yote, kwa sababu aling'ang'ania. Mtoto ndicho kitu alichokuwa akikiomba kila siku tangu aolewe, na hakukipata. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, anakwangua rangi ya kucha. Nikadhani atalia. Nikamshika mkono.

Akauchomoa. Aliponyanyua uso, sikuona woga wowote.

"Amezaa?" akauliza. "Yule? Amezaa naye?"