Masizi kwenye Lindi

Maji yalitokota, wali ukagoma kuiva. Hidaya akaongeza kuni, akafunua, mvuke ukampiga usoni. Akachota kwa upawa, akaonja. Baridi! Maji yanatokota, jamani, na ni ya baridi kama ya mtungini.

Ilikuwa siku ya gulio, na mji mmoja mkongwe wa kando ya mto, chini ya vilima vya Matombo, ulijaa wateja wenye njaa. Hidaya, mama ntilie aliyehamia kutoka Turiani na bintiye Raya wa miaka mitatu, akaduwaa. Joyce, Mluguru wa kibanda cha pili, akamsogelea.

"Mwenzangu," akanong'ona, "jana bomba lilipokauka, hilo sufuria uliliosha wapi?"

"Mtoni, pale kwenye lindi, penye maji ya kina."

"Na masizi yake?"

"Sasa ningeyaacha?"

Joyce akashika mdomo. Hapo hata watoto wanajua: lindi lile lina mwenyewe, naye hataki masizi.

Mara ikasikika kwaru, kwaru, mtu anasugua kwa mchanga, chini ya meza, kisha ukutani, kisha chumbani alikolala Raya, na harufu ya tope bovu ikatanda, na Hidaya alipoingia akamkuta mtoto amejikunyata, mikono myeusi tii, mgongo umechubuka, halii, anakodolea macho pembe isiyo na mtu.

"Ananiosha," Raya akasema.

Hidaya akambeba mbio hadi kwa Bibi Mwaisha, mganga.

"Shikamoo bibi. Nisaidie, sina mwingine ila huyu!"

"Marahaba. Umetia uchafu nyumbani kwake, naye analeta wake kwako. Rudisha sufuria, liache humo. Ukiitwa, usigeuke. Ukigeuka, mtoto humpati."

Hidaya akarudi kibandani, akamwachia Joyce mtoto, akashuka mtoni na sufuria, akalizamisha lindini. Alipoanza kupanda, nyuma yake ikaita sauti: "Mama!" Sauti ya Raya kabisa. Hidaya akang'ata kanga.

"Mama, nisubiri! Mama, ananishika!"

Moyo ulimpasuka, lakini hakugeuka ng'o. Sauti ikakatika.

Akafika kibandani analia na kucheka. "Yamekwisha, Joyce! Nipe mwanangu."

Joyce akachungulia nyuma yake. "Si mko wote? Amenichoropoka, akakufuata mtoni kwa njia ya mkato, anakuita. Nikajua umemsikia."